Laptopu ya mwanachuo: mpya ya boksi au ya mtumba? Nina laki saba

Mama Cherehani, Morogoro

Habari za humu ndani, na shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa kompyuta, ni fundi cherehani, kwa hiyo mkinijibu kitaalamu sana mtaniacha njiani.

Kijana wangu wa pili amemaliza kidato cha sita na amepata chuo huko Dodoma, shahada ya uhasibu. Wenzake waliomtangulia wamemwambia bila laptopu atahangaika na kazi za chuo kwenye simu mpaka macho yamtoke. Nimekubali. Nimetenga laki saba, ikibana sana laki saba na nusu. Msiione ndogo. Hiyo ni kama sketi 115 za shule, zile za marinda, ushonaji elfu sita sita, kitambaa mteja analeta. Nimezishona tangu Novemba mpaka watoto wanafungua shule Januari, nyingine usiku kwa tochi ya simu umeme ukiwa umekwenda zake.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Kijana anataka mpya. Ameona moja dukani hapa mjini, nyembamba, rangi ya fedha, nailoni haijatolewa, 680,000. Nilimwambia anipigie picha karatasi ya ubavuni mwa boksi. Imeandikwa Celeron N4020, RAM 4 GB, eMMC 64 GB, Windows 11. Mpwa wangu aliyeko Dar anasema nisithubutu, nichukue ya mtumba Kariakoo: Lenovo ThinkPad T480, Core i5-8350U, RAM 8 GB, SSD 256 GB, 620,000 na maelewano yapo. Akanitumia picha. Nyeusi, nene, kona moja imechubuka. Kijana alipoiona akasema, "Mama, hiyo si ya karani wa mahakama?"

Moyo wangu uko kwa mtumba, na sababu ninayo. Nashonea Singer nyeusi niliyoachiwa na mama yangu mzazi. Mafuta tone mbili, mkanda nikaze, kazi inaendelea. Miaka mitatu nyuma nikajitia kununua mpya ya plastiki yenye mishono ya kila aina. Mwezi wa tisa gia za ndani zikalika, fundi akaipindua akaniambia, "Mama, hii spea yake ni kununua nyingine."

Lakini kompyuta si cherehani. Cherehani haijali mwaka wa kuzaliwa. Naogopa nisimpe mtoto kitu kizee kikamfia mwaka wa pili, halafu sketi zangu zote zimeliwa. Nawasilisha.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyenunuliwa ile ya rangi ya fedha. Kampuni nyingine, lakini ndani ni hiyo hiyo: Celeron (prosesa, yaani ubongo wake), RAM 4 (kumbukumbu ya kazi unayoifanya muda huo), eMMC 64 (ghala la mafaili). Baba alinunua mpya kwa sababu hakutaka mwanawe aanze chuo na kitu cha mtumba, na siku ya kwanza kweli nilitamba nayo chumbani.

Wiki ya pili nikawa naiwasha, naenda kupanga foleni ya chai, nikirudi na chapati zangu ndiyo inamalizia kuamka. Siitanii. Ukifungua Excel na vichupo vitatu vya intaneti, kishale kinaganda, unabaki unakitazama kama mtu anayengoja daladala iliyojaa. Ile 64 GB nayo ukisikia unaona nyingi. Windows yenyewe na masasisho yake ilikuwa inaacha nafasi ndogo sana, mpaka nikawa nahifadhi kazi kwenye flashi. Flashi ikapotea. Kazi ya kikundi ya watu sita, mama. Waliacha kunisalimia mpaka muhula unaisha.

Nikaipeleka kwa fundi aniongezee RAM. Akafungua mfuniko akanionyesha kwa bisibisi: hakuna tundu. RAM imechomelewa kwenye bodi, na eMMC imechomelewa vilevile. Ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyozikwa. Niliiuza laki mbili kwa mtu wa steshenari.

Mzee wa Makambako

Dada, vijana wa humu watakusukumia mtumba mpaka uingie. Ngoja nikupe upande wa pili.

Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu laptopu ya mtumba, nzuri, ya ofisi za Ulaya. Miezi mitano haina neno. Ikaanza kuwa nzito, akampa mwenzake anayejifanya fundi, huyo akaifuta yote ili aianzishe upya. Ilipowaka na kuunganishwa na intaneti, ikaleta jina la kampuni moja ya huko ilikotoka, inamkaribisha kazini na kumtaka barua pepe ya mfanyakazi. Binti yangu, mwaka wa kwanza wa uuguzi, anakaribishwa kazini Ulaya! Tulicheka kidogo, baadaye hatukucheka. Duka nililonunulia lilikuwa limehama, na namba ya simu haipatikani mpaka leo.

Mpya ina waranti ya mwaka na ina mtu wa kumuuliza. Kama laki saba haitoshi mpya ya maana, kijana aanze chuo bila laptopu, atumie maabara ya kompyuta, bumu (mkopo wa chuo) likitoka aongezee. Sisi tulisoma na vitabu vya kuazima.

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Mama Cherehani, shikamoo. Mzee wa Makambako, shikamoo pia, na yaliyokukuta ni ya kweli, nitayarudia. Mimi natengeneza laptopu Kariakoo mwaka wa kumi na moja huu. Siuzi, natengeneza tu, kwa hiyo sina mzigo wa kukupigia debe.

Umesema cherehani haijali mwaka. Kompyuta inajali, ila kwa mashine za Intel kuna mstari mmoja wa kuuangalia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hawaikubali rasmi kwenye prosesa za Core zilizo chini ya kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Kizazi hicho kilianza kutoka Agosti 2017. Kwa hiyo mashine ya 2016 na ya 2018 zinaweza kukaa meza moja, zote nyeusi, zote zimeandikwa Core i5, moja ina maisha na nyingine inasukumwa tu. Unazitofautishaje? Namba. Baada ya i5 kuna kistari, halafu namba. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. Kwa namba kama hizi mbili, tarakimu ya kwanza ndiyo inayosema. Tena kizazi cha 8 ndipo i5 za laptopu za aina hii zilipotoka kwenye viini viwili (sehemu za prosesa zinazogawana kazi) zikawa na vinne, kwa hiyo tofauti si ya karatasi tu, mkono unaisikia.

Sasa njoo kwenye hiyo mpya. N4020 Intel waliitoa mwishoni mwa 2019. Umeiona hapo? Kijana anadhani analinganisha mpya na ya zamani, kumbe prosesa hizo mbili zimepishana kama miaka miwili tu. Ila moja ilitengenezwa ili laptopu iwe rahisi kuliko zote dukani, ina viini viwili basi, na nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi inayonunua mia tatu kwa mpigo na haitaki kusikia malalamiko ya wafanyakazi. Kilicho kipya kwenye ile ya rangi ya fedha ni betri, plastiki na boksi. Betri mpya si kitu cha kudharau, hilo nampa kijana. Lakini T480 nikiifungua nakuta matundu mawili ya RAM, SSD (ghala la mafaili) inayochomoka, na betri mbili: moja ndani, moja inachomolewa kwa nyuma kwa vidole, bila bisibisi. Ni Singer yako hiyo, mama, spea zipo mpaka chini ya ngazi.

Sitaki uende ukiwa na imani, uende na macho. Mambo ninayoona watu wanapigwa nayo ni haya.

Kufuli. Hili ndilo lililomkuta mzee. Kampuni za nje husajili mashine zao, na mwingine akiziuza hajaondoa usajili. Muuzaji anaweka Windows bila kuiunganisha na intaneti, inapita kimya kimya. Dawa yake: mwambie muuzaji aifute mbele yako, na inapoanza upya aiunganishe na intaneti ya simu yako. Ikileta jina la kampuni, simama uondoke. Itachukua nusu saa au zaidi, atanuna, mwache anune. Pia wakati inawaka gonga Enter halafu F1, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila ambayo hata yeye haijui, usiinunue hata kwa laki moja.

Betri. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Inatengeneza faili, lifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni ujazo wa siku ilipozaliwa, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo wa leo. Ya leo ikiwa chini ya nusu, hapo ndipo pa kushushia bei. T480 utaona betri mbili, soma zote.

Kioo. Kuna T480 za kioo hafifu cha 1366 kwa 768, ukikaa upande huoni kitu, na kuna za 1920 kwa 1080. Mhasibu ataishi ndani ya Excel, mtafutie ya pili, ataona safu nyingi zaidi kwa pamoja.

Na T480 ina ugonjwa wake: chaji ya USB-C. Programu ya ndani ya tundu la Thunderbolt (mojawapo ya matundu yake ya USB-C) ilikuwa na kasoro na Lenovo wakatoa sasisho, lakini nyingi hazikusasishwa. Kuna matundu mawili ya USB-C yamekaa jirani. Chomeka chaja kwenye kila moja, uone yote yanaingiza.

Mzee, kuhusu waranti ya mwaka uko sawa. Ila waranti hulinda kitu kisiharibike. Ile Celeron haitaharibika, itakuwa hivyo hivyo nzito mwaka mzima, na hakuna duka litakalokurudishia hela kwa sababu ni nzito.

Mzee wa Makambako

Marahaba, fundi. Hiyo ya kuiunganisha na intaneti ya simu yangu sikuijua. Ningeijua, ningekuwa na laki nane yangu mfukoni.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi

Mama, salamu kutoka Nairobi. Huku Luthuli na Moi Avenue hizo mashine ndizo zimejaa, tunaziita ex-UK hata kama zimetoka Ujerumani. Dadangu amemaliza chuo na EliteBook 840 G5 ya namna hiyo, kizazi cha 8 vilevile, na bado anaitumia kazini.

Nyongeza ndogo tu. Chini ya mashine kuna namba ya usajili wa kiwandani. Kabla hujatoa pesa, iingize kwenye tovuti ya huduma ya Lenovo, itakuambia modeli kamili na lini waranti yake ilianza. Nilishawahi kuambiwa mashine ni ya 2020, tovuti ikasema 2017. Muuzaji akaniambia tovuti haiko sawa.

Mpenda Penguini

Wekeni Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), mtumba wa kizazi cha 6 unapaa, na bei ni laki tatu na nusu.

Mwaka wa Tatu

Mkuu, mwambie hivyo mwanafunzi ambaye mwalimu wake anataka faili la Excel lenye fomula zake lifunguke vilevile lilivyo. Mimi nilijaribu, majedwali yalinihama kama nzige. Kwako linafaa, kwa mhasibu wa mwaka wa kwanza si la kuanzia.

Mama Cherehani, Morogoro

Marahaba wanangu, nimesoma yote mara mbili, nyingine kwa sauti ili kijana asikie. Hiyo ya prosesa kupishana miaka miwili tu ilimnyamazisha. Swali moja: umeme. Huko hosteli ukikatika, hii ya mtumba si itazima papo hapo?

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Ikiwa betri zote mbili ni nzima, saa nne hivi kwa kuandika na kusoma. Zikiwa zimechoka, saa moja na nusu. Ndiyo maana nasema usiache kusoma ile ripoti. Betri ya nyuma inaweza kubadilishwa hapo hapo dukani, wao wanazo za mashine zilizokufa.

Mama Cherehani, Morogoro

Wanangu, nimerudi. Nawapa mrejesho maana watu humu huuliza wakapata na kupotea.

Jumamosi tulipanda treni ya asubuhi, mimi na kijana, mpwa akatupokea stesheni, tukachukua bodaboda mpaka Kariakoo. Hatujapiga hata hatua ishirini, winga katudaka. "Mama, laptopu? Simu? Njoo bei ya jumla." Nilimwambia ninajua ninakokwenda, akasema na yeye ndiko anakokwenda. Akatutangulia kwenye duka lisilo letu, akaweka mezani nyeusi moja inang'aa, "Core i5 mama, laki tano na nusu, kwa sababu ni wewe." Nikamwambia fungua palipoandikwa jina la prosesa. Akasema stika si hii hapa. Nikasema stika hata mimi nabandika kwenye sare, fungua. Ikatoka i5-6300U. Nikamwambia, "Hii ni ya kizazi cha sita, baba." Alinitazama juu mpaka chini, mimi na kanga yangu, akamwambia mwenzake, "Huyu mama ni fundi." Sikumkatalia. Fundi ni fundi.

Duka letu lenyewe lilikuwa ghorofa ya kwanza, kijana mpole. Aliponisikia nataka aifute mbele yangu, akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa afumue pindo. Nikamwambia mimi nina siku nzima. Tulikaa kwenye viti vya plastiki dakika arobaini na tano, mwanangu ananisogezea maji kwa aibu. Ikawaka, ikauliza nchi, nikaichagua Tanzania mwenyewe kwenye orodha. Tukaiunganisha na simu ya mpwa, haikuleta jina la kampuni yoyote.

Betri ndiyo ilikuwa na neno. Ya ndani ilizaliwa na 23,950 na sasa ina 19,400, nzuri. Ya nyuma ilizaliwa na 23,950, sasa ina 9,800. Nikamwekea kidole hapo hapo kwenye kioo, sikusema kitu. Akainuka, akachomoa betri kwenye mashine nyingine, tukapima tena, 20,100. Kioo ni hicho kizuri. Chaja matundu yote mawili inaingia. Namba ya chini tuliiangalia, waranti yake ilianza 2019. Nikailipia 600,000 na begi juu yake, risiti ya EFD, na kwa nyuma ameandika ile namba kwa mkono na waranti ya mwezi mmoja. Alitaka iwe wiki mbili. Laki iliyobaki nimeificha, RAM itaongezwa akifika mwaka wa pili.

Kijana kwenye treni aliishika mapajani kuanzia Dar mpaka Morogoro. Ya karani wa mahakama, lakini hakumpa mtu aishike.

Sasa tatizo, na hili hamkuniambia. Jana anajaribu kuandika barua, anakuja kwangu amekasirika. "Mama, kila nikiandika 'ya' inatoka 'za'." Nikadhani utani. Nikaenda nikaona: "Barua za maombi za nafasi zangu." Alikusudia "Barua ya maombi ya nafasi yangu". Hata mimi nimechanganyikiwa sasa. Ukibonyeza Y inatoka Z, ukibonyeza Z inatoka Y. Na kuna vitufe vingine vina herufi zenye nukta mbili kichwani. Imeharibika?

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Nimecheka peke yangu hapa mpaka mteja ameniuliza kuna nini. Haijaharibika, mama. Vitufe vimechorwa kwa Kijerumani, huko Y na Z zimebadilishana viti. Muuzaji ameiwekea Windows mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo ndani ni Kiingereza na nje ni Kijerumani. Samahani, hilo lilinitoka kabisa, sisi tumezoea hatutazami vitufe.

Unaweza kuweka mpangilio wa Kijerumani kila kitufe kitoe kilichochorwa, lakini akienda maabara ya chuo atapotea. Mwache na huo wa Kiingereza. Zipo stika za herufi, karatasi nzima ni elfu chache. Wengine hubandua vitufe viwili na kuvibadilisha. Usimruhusu, vishikizo vya chini ni vyembamba kama kucha ya mtoto.

Mama Cherehani, Morogoro

Stika hapa mjini sijaziona. Nimechukua rangi nyeupe ya kucha ya dada yake na sindano namba 14, nimeichora Y juu ya Z na Z juu ya Y. Imekauka, inasomeka kuliko ya kiwandani. 'Ya' inatoka 'ya'.

Sasa anauliza ile alama ya barua pepe, a yenye mkia. Imechorwa kwenye Q, anabonyeza na kubonyeza, haitoki.

Fundi wa Ghorofa ya Pili

Shift na 2, mama.